Unataka kusoma Sayansi ya Michezo na Mazoezi chuo kikuu? Pitia hapa kabla hujajaza fomu

Pumzi Ndefu (mleta mada)

Salaam wakuu.

Kila msimu wa maombi ya vyuo ukifika, maswali ni yaleyale kuhusu shahada ya Sayansi ya Michezo na Mazoezi. Mimi nimeisoma, nikaendelea na uzamili upande wa fiziolojia ya mazoezi, yaani jinsi mwili unavyofanya kazi wakati wa mazoezi, na sasa nasimamia wanafunzi kwenye maabara. Nimeona niyaweke yote hapa ili anayeomba aombe akijua anaingia wapi.

La kwanza, na hili nalisisitiza kuliko yote: hii ni shahada ya sayansi. Michezo ni mahali tunapofanyia kazi, ila kinachosomwa ni mwili wa binadamu ukiwa kazini. Moyo, mapafu, misuli, mifupa, ubongo, na jinsi vyote hivyo vinavyobadilika mtu anapoanza mazoezi, anapoyaacha, anapozeeka na anapougua. Kila mwaka wanakuja vijana waliokuwa tegemeo la timu za shule zao, wanatarajia uwanja, wanakutana na kemia ya seli. Wengine wanaipenda mno. Wengine wanahama kozi kabla mwaka wa kwanza haujaisha, na tatizo si akili. Hakuna aliyewaeleza mapema.

Mwaka wa kwanza unaanza na misingi: anatomia (muundo wa mwili), fiziolojia, biomekaniki (nguvu na mwendo wa mwili), saikolojia ya michezo, lishe na takwimu. Anatomia ni ya kukaa nayo kila siku kidogokidogo. Unatakiwa kujua kila msuli mkubwa unaanzia wapi, unashika wapi na unavuta nini, kwa sababu masomo mengine yote yanakuja kuegemea hapo.

Fiziolojia ndiyo moyo wa shahada, kwa hiyo nakaa hapo kidogo. Msuli unatumia ATP, kemikali inayobeba nishati ndani ya seli. Akiba ya ATP iliyomo mwilini ni ndogo sana, inatosha sekunde chache tu za kazi nzito, hivyo lazima itengenezwe upya wakati wote. Njia ziko tatu: ile ya fosfati ya kreatini (kemikali ya akiba iliyomo msulini), ile ya kuvunja glukosi bila kusubiri oksijeni, na ile ya oksijeni ndani ya mitokondria, vile vinu vidogo vya nishati ndani ya seli. Wengi wanakariri kwamba njia hizi zinapokezana, ya kwanza ikiisha inaingia ya pili. Si hivyo. Zote zinafanya kazi tangu hatua ya kwanza, kinachobadilika ni mchango wa kila moja. Mfano unaowashangaza wanafunzi kila mara ni mbio za mita 800. Zinakwisha ndani ya dakika mbili kwa wakimbiaji wazuri, mtu anafika mwisho anahema kama anazama, lakini zaidi ya nusu ya nishati yake imetoka kwenye njia ya oksijeni. Ukilielewa hili vizuri, unaanza kuelewa kwa nini mkimbiaji wa 800 anajazwa kilomita nyingi za polepole.

Kwenye maabara utapima uwezo wa juu kabisa wa mwili kutumia oksijeni. Wazo hili lina miaka mia hivi. Mwingereza A. V. Hill, aliyegawana Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922 na Otto Meyerhof kwa kazi yao juu ya msuli, alipima wakimbiaji, yeye mwenyewe akiwemo, wakizunguka wamebeba mfuko mgongoni unaokusanya hewa wanayoitoa. Leo mtu anavaa barakoa, anapanda mashine ya kukimbilia, kasi au mwinuko unaongezwa hatua kwa hatua mpaka anashindwa, huku mtambo unasoma oksijeni iliyotumika na kaboni dioksidi iliyotoka. Kijana wa kawaida asiyefanya mazoezi mara nyingi anapata mililita 35 hadi 45 kwa kila kilo ya uzito wake kwa dakika. Wakimbiaji wa masafa marefu wa kiwango cha dunia wanapita 70, na wapo waliovuka 80.

Sasa hapo ndipo masomo yanapoanza kweli. Ukichukua wakimbiaji wawili wenye namba ileile ya oksijeni, mmoja anaweza kumwacha mwenzake mbali. Kwa nini? Kwa sababu kuna suala la kasi ambayo mtu anaweza kuidumisha kabla mwili haujaelemewa, na kuna suala la kiasi cha oksijeni anachokula kwenye kasi ileile. Mwingine anakimbia kwa gharama ndogo. Mwanafunzi anayeishia kwenye namba moja na kusema "huyu ndiye bora" bado hajawa mwanasayansi wa michezo.

Naendelea na biomekaniki na takwimu baadaye. Maswali yakaribishwe.

Kocha Mstaafu

Mkuu, ahsante kwa uzi. Nimefundisha riadha muda mrefu bila kusoma chuo. Sisi tulifundishwa kwamba asidi laktiki ndiyo inayokaa kwenye misuli na kusababisha maumivu ya kesho yake, ndiyo maana tunawakimbiza vijana polepole baada ya mazoezi, ili itoke. Chuoni mnasemaje?

Pumzi Ndefu

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ni la msingi.

Kiwango cha lakteti (ndivyo tunavyoiita hiyo asidi laktiki ikiwa mwilini) kwenye damu kinarudi karibu na hali ya kawaida ndani ya saa moja hivi baada ya kusimama, hata kijana akienda kulala moja kwa moja. Maumivu unayoyasema yanakuja baadaye sana, yanashika kilele kati ya saa 24 na 72. Kwa hiyo hayawezi kuwa ya kitu ambacho kilishaondoka jana yake. Yanahusishwa na michubuko midogo ndani ya nyuzi za msuli na mwitikio wa mwili kuitengeneza, hasa msuli unapofanya kazi huku unarefuka. Ndiyo maana kuteremka mlima kunaumiza mapaja kesho yake kuliko kuupanda, ingawa kuupanda ndiko kunakotoa lakteti nyingi.

Tena lakteti yenyewe ni kama kuni, mwili unaichoma kupata nishati. Moyo unaitumia, misuli mingine inaitumia, ini linaigeuza kuwa glukosi. Mwanafiziolojia wa Marekani, George Brooks, ndiye aliyelisimamia wazo hili tangu miaka ya 1980, na ilichukua muda mrefu likubalike.

Kukimbia polepole baada ya kazi ngumu kunaharakisha kuondoka kwa lakteti, hapo walimu wako walikuwa sahihi. Kama una mbio nyingine baada ya nusu saa, fanya hivyo bila wasiwasi. Usitegemee tu kwamba kutayaondoa maumivu ya kesho.

Kocha Mstaafu

Marahaba. Hiyo ya kuteremka mlima nimeiona kwa macho yangu kwa vijana wengi. Sasa nimepata sababu yake.

Mama Wawili

Naomba nami niulize. Binti yangu amepata sifa za kusoma sayansi na anaitaka sana kozi hii, ila hajawahi kuwa mchezaji. Anapenda biolojia na anapenda kuuliza maswali. Je, hatabaki nyuma ya wenzake ambao ni wanamichezo?

Pumzi Ndefu

Hapana, mama. Baadhi ya wanafunzi bora niliowasimamia hawakuwa wachezaji wa kitu chochote. Aliyecheza ana faida moja, anajua ladha ya mazoezi na lugha ya makocha, na hiyo inamsaidia baadaye akianza kufanya kazi na timu. Binti yako anaweza kuipata faida hiyo kwa kwenda viwanjani, kukaa na makocha, kuangalia na kuuliza. Kinyume chake ni kigumu zaidi: mchezaji mzuri anayeikimbia hesabu na kemia atateseka kila muhula.

Wakati anasubiri matokeo ya maombi, arudie biolojia ya seli, mfumo wa damu na hewa, na fizikia ya nguvu na mwendo. Ajifunze pia kutumia lahajedwali kwenye kompyuta. Atazitumia kila wiki.

Mizani ya Nguvu

Nimemaliza shahada hii pia, mimi niliegemea biomekaniki. Mleta mada akiniruhusu niongezee hapo.

Biomekaniki ni sheria za Newton zikivaa viatu vya michezo. Unampitisha mkimbiaji juu ya bamba lililozikwa sakafuni linalopima nguvu, unaona ardhi inamrudishia mara mbili hadi tatu ya uzito wake kwa kila hatua. Ukishaiona hiyo chati, unaanza kufikiri tofauti kabisa kuhusu majeraha, viatu na idadi ya kilomita za wiki.

Mfano ninaoupenda ni mrukaji wa Marekani, Dick Fosbury. Kwenye Olimpiki ya Mexico ya mwaka 1968 alishinda mruko wa juu kwa mita 2.24 akiruka kinyumenyume, mgongo ukiangalia chini. Siri yake inapigika hesabu: mwili ukijikunja kama upinde juu ya ufito unaorukwa, kitovu cha uzito kinaweza kupita chini ya ufito huo wakati mwili wenyewe unapita juu yake. Miguu inatoa nguvu ileile, lakini unavuka kimo kikubwa zaidi. Na ilihitaji pia godoro nene la kuangukia, maana nani angethubutu kuangukia shingo kwenye mchanga? Wanafunzi wajiandae kwa vekta na trigonometria, vinginevyo somo hili linageuka mlima.

Pumzi Ndefu

Karibu sana mkuu, umeeleza vizuri.

Nije kwenye takwimu, somo ambalo wanafunzi hulikimbia na mimi naona ndilo linalotenganisha mtaalamu na mpiga debe.

Chukua kanuni maarufu ya 220 toa umri kupata mapigo ya juu ya moyo. Iko kwenye mashine za mazoezi kila mahali. Ni wastani wa watu wengi. Watu wa umri mmoja wanatofautiana sana, kupishana mapigo 10 juu au chini ya makadirio ni jambo la kawaida kabisa. Mwaka 2001 mtafiti Tanaka na wenzake walipendekeza 208 toa umri mara 0.7, ambayo inakadiria vizuri zaidi hasa kwa watu wazima, lakini nayo ni wastani. Ukimpangia mtu mmoja mazoezi kwa namba ya wastani bila kumpima, unaweza kumwelemea au kumfanya apoteze muda.

Au hili: mchezaji amepimwa mwanzo wa programu na mwisho wake, ameongezeka asilimia 2. Kocha anafurahi. Swali lako wewe ni je, kipimo chenyewe kinayumba kiasi gani nikimpima mtu yuleyule leo na keshokutwa bila mazoezi yoyote katikati? Kama kinayumba asilimia 3, huna ushahidi wa maendeleo. Kusema hivyo mbele ya kocha na mchezaji waliojituma ni kazi ngumu, na ndiyo kazi unayosomea.

Na usidhani mashaka haya ni ya kuvunja moyo. Mwaka 1953 mtafiti wa afya wa Uingereza, Jeremy Morris, na wenzake walichapisha matokeo ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva, waliokaa siku nzima, walipata ugonjwa wa mishipa ya moyo zaidi kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi wakikata tiketi. Hapo wengi tungetangaza ushindi. Yeye aliangalia pia watumishi wa posta, akaona wanaotembeza barua wana nafuu kuliko makarani. Kisha akauliza, je, hawa madereva walikuwa sawa na makondakta tangu mwanzo? Akaenda kwenye kumbukumbu za sare za kazi, akakuta madereva walikuwa na viuno vipana zaidi tangu wanaajiriwa. Jambo likawa gumu zaidi, na tafiti zilizofuata zikabidi ziwe makini zaidi. Leo Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mwanzo wa safari hiyo ni maswali ya namna ile. Mimi nikisoma kazi hiyo kila mara naona ndiyo sababu ya kuisoma shahada hii.

Swala Jike

Mleta mada, naomba uzi usipite bila kuwataja wanawake. Nilicheza kwa ushindani kabla ya kusoma. Hedhi ilipokoma, watu waliokuwa karibu nami waliichukua kama dalili kwamba nafanya mazoezi ipasavyo. Chuoni ndiko nilikojua kwamba mwili ulikuwa unakosa nishati ya kutosha, unafunga baadhi ya shughuli zake ili ubaki hai, na mifupa inalipa gharama. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu upungufu huu wa nishati katika michezo, ikieleza kwamba unagusa homoni, mifupa, kinga na moyo, na kwamba wanaume pia wanaupata.

Halafu nikaanza kusoma tafiti zenyewe, nikakuta nyingi zimefanywa kwa wanaume tu. Sababu inayotolewa mara nyingi ni kwamba mzunguko wa hedhi unaleta ugumu wa kupima. Kwa hiyo tunapewa mipango iliyopimwa kwa miili mingine. Dada zangu mnaofikiria kozi hii, njooni. Maswali yetu bado hayajaulizwa vya kutosha.

Pumzi Ndefu

Dada yangu, ahsante kwa kulisema wazi. Nakazia kila neno. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu, hapo kuna kazi ya maisha nzima.

Njia Panda

Wakuu, mimi swali langu ni la ajira. Nikimaliza naweza kuwa mtaalamu wa tiba ya viungo? Nasikia wengine wanasema ni kitu kimoja.

Pumzi Ndefu

Si kitu kimoja, na hili naomba lisomwe na kila mtu. Fiziotherapia, yaani hiyo tiba ya viungo, ni taaluma ya afya yenye usajili na leseni yake, inahitaji shahada yake na muda wake hospitalini. Ukimaliza sayansi ya michezo hujawa na ruhusa ya kutibu wagonjwa wa tiba ya viungo. Wapo wanaomaliza hii kisha wanaomba kusomea ile, na msingi unawasaidia sana, lakini ni kuanza mlango mwingine. Kama tiba ndiyo ndoto yako tangu sasa, omba tiba moja kwa moja, utaokoa miaka.

Sayansi ya michezo inakupeleka kwenye upimaji wa wachezaji, kazi ya kuandaa nguvu na utimamu wa mwili katika timu, uchambuzi wa mechi kwa video na takwimu, programu za mazoezi kwa wagonjwa wa moyo na kisukari chini ya madaktari, afya ya jamii, ualimu, na utafiti. Nafasi za timu kubwa ni chache na zinagombewa. Eneo la afya ni pana zaidi, na wanafunzi hulidharau kwa sababu halina kamera.

Kitu kinachowapa watu kazi ni vitendo. Anza kujitolea mwaka wa kwanza, usisubiri wa mwisho. Nenda kwenye timu ndogo isiyo na mtaalamu, wapimie, waandikie taarifa ya ukurasa mmoja ambayo kocha ataielewa. Uwezo wa kumweleza kocha matokeo bila kumchosha ni adimu.

Mizani ya Nguvu

Na kabla ya kuchagua chuo, usiangalie jina la shahada pekee. Omba mtaala. Angalia saa za maabara, uliza kama wanafunzi wa shahada ya kwanza wanashika vifaa wenyewe au wanaangalia tu mwalimu anavyopima. Uliza wanaosoma pale sasa hivi, hao hawana sababu ya kukupamba. Uliza pia kama shahada inatambuliwa na chama cha kitaaluma kwenye nchi unayotaka kufanyia kazi.

Njia Panda

Nimeelewa sana. Na hiyo tasnifu inakuwaje? Ndiyo inayonitisha.

Pumzi Ndefu

Tasnifu inaanza na swali dogo. Wengi wanakuja na "athari za mazoezi kwa afya", hiyo ni maktaba nzima. Swali zuri linaweza kupimwa kwa watu unaoweza kuwapata, kwa kifaa kilichopo, ndani ya miezi uliyonayo.

Nikupe mfano wa swali dogo lililozaa kubwa. Mwaka 1966 watafiti wa Sweden, Jonas Bergström na Eric Hultman, walitaka kujua akiba ya wanga kwenye msuli inajazwaje. Walijipima wenyewe. Walikaa pande mbili za baiskeli moja, kila mmoja akikanyaga kwa mguu mmoja mpaka uchoke, mguu mwingine umepumzika. Kisha wakala wanga kwa wingi siku tatu, na kwa sindano ya Bergström wakachukua vipande vidogo vya msuli kutoka miguu yote miwili. Mguu uliofanya kazi ulijaza glaikojeni, ndiyo hiyo akiba ya wanga, takriban mara mbili ya ule uliopumzika. Mtu mmoja, damu moja, chakula kimoja, miguu miwili. Kila mguu uliopumzika ulikuwa ushahidi dhidi ya mwenzake. Ulaji wa wanga wa wakimbiaji wa marathoni kabla ya mbio umejengwa juu ya kazi ya namna hiyo.

Wewe hutaruhusiwa kuchoma mtu sindano ya msuli, na kamati ya maadili itataka ridhaa ya maandishi hata kwa tone la damu la kidoleni. Lakini mpangilio ule, wa kumfanya mtu ajilinganishe na yeye mwenyewe, unaweza kuutumia hata kwa saa ya kusimamisha na mkanda wa kupimia.

Goti Bovu

La mwisho kutoka kwangu. Nilifanyiwa upasuaji wa goti na daktari amenizuia kukimbia kwa sasa. Nimeshapata nafasi chuoni. Je, nitafelishwa kwenye vitendo kwa sababu siwezi kupanda ile mashine?

Pumzi Ndefu

Hutafelishwa kwa hilo. Alama za maabara zinatokana na kupima, kurekodi, kuchambua na kuandika. Kabla ya jaribio lolote zito mtu anajaza fomu ya afya, na anayepimwa ni wa hiari, ana haki ya kukataa au kusimama wakati wowote bila kueleza sababu. Mwone msimamizi wa maabara wiki ya kwanza, mpe barua ya daktari, mwambie unataka kuwa upande wa mitambo. Utajifunza kusawazisha kichanganuzi cha gesi kabla ya kila kipimo, kazi ambayo wenzako wataikwepa, na kikundi chako kitakuhitaji kila wiki. Kama daktari anaruhusu baiskeli au mashine ya mikono, vipimo vingi vinafanyika huko pia. Leta na taarifa za mazoezi yako ya kurudisha goti. Kuna somo la majeraha mwaka wa pili, utakuwa na data yako mwenyewe.